Monfalcone: meli zinatakiwa, waundaji je?

Meli ya kitalii inapokaribia kukamilika Monfalcone, huinuka juu ya mapaa ya nyumba kama mlima. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi karibu 30,000, nchini Italia, kaskazini mwa Bahari ya Adria jirani na mji wa Trieste. Takriban theluthi moja ya watu wake ni wageni, wengi wao kutoka Bangladesh: wachomeleaji, mafundi bomba, wapaka rangi. Wengi wao hawakuajiriwa na Fincantieri, kampuni yenye kiwanda cha meli cha hapo. Wako chini ya wakandarasi wadogo.

Dunia iliusikia mji huu kwa sababu ya swala. Novemba 2023 aliyekuwa meya, Anna Maria Cisint, wa Lega, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga uhamiaji, alipiga marufuku ibada katika vituo viwili vya Kiislamu, akisema majengo yale hayakuruhusiwa kwa matumizi hayo. Kabla ya hapo mabenchi yalikuwa yameondolewa katika uwanja wa katikati ya mji, ambako Wabangladeshi walizoea kukaa.

Tumsikilize Cisint kwanza. Mji umebadilika sura ndani ya kizazi kimoja, shule zinapokea watoto wengi wasiojua Kiitaliano, na mji unabebeshwa gharama hiyo huku meli zikienda kuuzwa. Cisint mwenyewe ameilaumu Fincantieri kwa kutegemea kazi ya bei rahisi. Hapo namuunga mkono. Ila kung'oa benchi hakumsumbui mwenye kiwanda. Kunamsumbua fundi aliyetoka zamu, na bila fundi huyo meli haziteremki majini.

Kazi yenyewe haijawahi kuwa ya raha. Asbesto, madini ya kukinga joto ambayo vumbi lake huharibu mapafu, iliua wafanyakazi wengi wa hapo, Waitaliano, na kesi zake zilifika mahakama ya Gorizia. Hata uhamiaji mji unaujua kutoka upande wa pili: mwaka 1947 mafundi wake karibu 2,000 walikwenda Yugoslavia kujenga ujamaa. Tito, kiongozi wa Yugoslavia, alipokosana na Stalin wa Muungano wa Kisovieti mwaka uliofuata, baadhi yao waliishia kufungwa katika kisiwa cha Goli Otok.

Ndugu wa ukoo wa Cosulich walipoanzisha kiwanda mwaka 1908, mji ukiwa chini ya himaya ya Austria-Hungaria, nao walihitaji mafundi kuliko mji ulivyoweza kutoa. Wakawajengea mtaa mzima, Panzano, ambao bado upo. Mkandarasi mdogo wa leo hulipa mshahara, basi. Chumba cha kulala na mahali pa kuswali, mtu ajitafutie.