Vanuatu na aya ya 51

Katika uamuzi uliopitishwa pamoja na Mkataba wa Paris mwezi Desemba 2015 imo aya moja fupi, ya 51, ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Inaeleza kwamba kifungu cha 8 cha mkataba huo, kinachohusu hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi, hakihusishi wala hakiweki msingi wa dhima ya kisheria au fidia. Nchi za visiwa zilikubali kuimeza aya hiyo ili suala la hasara na uharibifu lipate walau kutajwa ndani ya mkataba. Aliyekuwa na nguvu alikubali kutajwa kwa jeraha, kwa masharti kwamba asiulizwe nani alilisababisha.

Naanza na aya hiyo kwa sababu naamini msimamo wa nchi ndogo kuhusu amani, maendeleo na ushirikiano wa dunia haupimwi kwa hotuba zinazotolewa New York kila Septemba. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lina wanachama 193, na mengi yanayosemwa pale jukwaani hayamgharimu msemaji chochote: vita vikome, umaskini upungue, mataifa yashirikiane. Nani atapinga? Msimamo huanza pale nchi inapoandika sentensi ambayo wakubwa wangependa isiandikwe, kisha ikaishikilia hata baada ya wapiga makofi kuondoka ukumbini. Vanuatu, nchi ya visiwa zaidi ya 80 na watu wapatao 300,000 katika Bahari ya Pasifiki, imefanya hivyo kwa namna ambayo naona bado haijathaminiwa ipasavyo.

Wazo lenyewe halikutoka wizarani. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, katika tawi lake la Vanuatu, walipendekeza kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iombwe maoni ya ushauri, yaani tafsiri ya sheria isiyo hukumu ya kesi, kuhusu wajibu wa mataifa katika suala la tabianchi. Serikali ililichukua wazo hilo, ikatafuta waungaji mkono nchi baada ya nchi, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha azimio 77/276 bila kupiga kura, huku nchi zaidi ya 130 zikiwa zimejiandikisha kulidhamini. Marekani na China hazikuwamo kati ya wadhamini, lakini hakuna iliyosimama kudai kura ipigwe.

Anayetaka kujua diplomasia ya nchi ndogo inavyofanya kazi alisome azimio hilo polepole. Halimtaji mchafuzi yeyote kwa jina. Maswali yake mawili hayana neno fidia. La kwanza linauliza mataifa yana wajibu gani, chini ya sheria ya kimataifa, wa kuulinda mfumo wa tabianchi kwa ajili ya vizazi vya sasa na vijavyo. La pili linauliza matokeo ya kisheria ni yapi kwa taifa ambalo, kwa kutenda au kwa kutotenda, limeuletea mfumo huo madhara makubwa, hasa kwa nchi za visiwa na kwa watu walioathirika. Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, imefanywa na maneno yanayotangulia maswali hayo. Azimio linaitaka mahakama izingatie Hati ya Umoja wa Mataifa, mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu, Mkataba wa Sheria ya Bahari, wajibu wa kuchukua tahadhari na kanuni ya kuzuia madhara, na Mkataba wa Paris unatajwa katikati ya orodha hiyo kama chanzo kimoja tu miongoni mwa vingi. Kwa mpangilio huo, aya ya 51 ilibaki ilipokuwa, haikuguswa wala haikutukanwa, lakini haikuwa tena mlango pekee wa kuingilia ndani ya nyumba.

Hicho ndicho ninachokiita ustadi. Nchi isiyo na manowari, isiyo na kura ya turufu na isiyoweza kumwekea mtu vikwazo vya kiuchumi imebakiwa na kitu kimoja tu cha kutumia, nacho ni usahihi wa lugha. Neno moja likilegea, wanasheria wa mataifa makubwa watapita hapohapo.

Haya hayakuzuka ghafla. Nchi hii ilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja mpaka ilipopata uhuru tarehe 30 Julai 1980, na waziri mkuu wake wa kwanza, Padri Walter Lini, aliiingiza katika Harakati ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, akazikataa silaha za nyuklia wakati Ufaransa ilipokuwa bado ikizilipua katika kisiwa cha Moruroa huko Pasifiki, na akawaunga mkono Wakanaki, wenyeji wa Kaledonia Mpya, waliokuwa wakidai uhuru kutoka kwa Ufaransa. (Msomaji wa Afrika Mashariki akiyasikia mawazo yake juu ya ujamaa wa Kimelanesia hatakosa kuikumbuka Arusha.) Balozi wa Vanuatu katika Umoja wa Mataifa kwa muda mrefu alikuwa Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia na kamera katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO nchini Msumbiji. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Nchi za Visiwa Vidogo, na mwaka 1991, wakati mkataba wa tabianchi ulipokuwa ukijadiliwa, umoja huo ulipendekeza kupitia Vanuatu mfuko wa bima wa kuwafidia watakaoharibiwa na kupanda kwa bahari. Pendekezo halikupita. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, miaka 31 baadaye.

Sitaki kuichora nchi hii kama malaika. Imeuza pasipoti kwa wageni kwa wingi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliwaondolea wananchi wake ruhusa ya kuingia bila viza. Mwaka 2011 iliitambua Abkhazia, eneo lililojitenga na Georgia, kama taifa huru, kisha ikageuka, na mambo ya namna hiyo huwapa nguvu wanaosema kwamba kura ya nchi ndogo ni bidhaa sokoni. Serikali zake huanguka kwa kura za kutokuwa na imani kama maembe yaliyoiva. Lakini hapo ndipo ninapoona jambo la kushangaza: tangu serikali ya Bob Loughman ilipotangaza mwaka 2021 kwamba itaitafuta njia ya mahakama, hadi maoni yalipotoka, Vanuatu ilipitia mawaziri wakuu watano, na hakuna hata mmoja aliyeliacha suala hilo. Zipo nchi kubwa ambazo msimamo wake kuhusu tabianchi haujavuka uchaguzi mmoja.

Wapo pia wanaosema kwamba nchi ya aina hii ingejishughulisha na maendeleo yake badala ya kesi za The Hague. Hoja hiyo inasahau hesabu. Kimbunga Pam cha Machi 2015 kiliiletea Vanuatu hasara na uharibifu wa takriban asilimia 64 ya pato lake la mwaka. Desemba 2020 nchi ilivuka rasmi kutoka kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa, miezi minane tu baada ya Kimbunga Harold kuibomoa tena. Machi 2023, mwezi uleule wa azimio, vimbunga Judy na Kevin vilipiga ndani ya siku chache. Barabara na shule zinazojengwa kwa mkopo zikibomolewa kabla mkopo haujalipwa, suala la nani anawajibika kwa joto la bahari linakuwa swali la bajeti.

Vikao vya kusikiliza hoja vilianza tarehe 2 Desemba 2024, Vanuatu ikiwa ya kwanza kusimama. Mataifa 96 yalizungumza. Baadhi ya makubwa, Marekani na Saudi Arabia miongoni mwao, yalishikilia kwamba mikataba ya tabianchi inatosha na hakuna haja ya kutafuta wajibu kwingine. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa kauli moja waliikataa hoja hiyo. Walisema sheria ya kimila ya kimataifa, ile inayotokana na desturi za mataifa na si mikataba, inayafunga hata mataifa yaliyo nje ya mikataba, kwamba kushindwa kuulinda mfumo wa tabianchi kunaweza kuwa kosa la kimataifa, na kwamba fidia inawezekana pale uhusiano wa kosa na madhara unapothibitika. Taifa linalojitoa Paris, basi, halijitoi katika wajibu wote.

Ni kweli maoni ya ushauri hayamlazimishi mtu kulipa hata senti moja, na simlaumu anayeuliza yana faida gani. Nadhani jibu litaonekana katika mahakama za kitaifa na katika meza za majadiliano, ambako tangu sasa mwakilishi wa kisiwa atakuwa na maoni ya kisheria ya majaji wote mkononi badala ya ombi la huruma. Mtihani wa karibu zaidi ni mfuko ule wa hasara na uharibifu. Pendekezo la 1991 lilitaka nchi tajiri zichangie kwa kanuni, kwa kuangalia pato la kila moja na kiasi cha kaboni inachotoa. Mfuko uliopo leo unaishi kwa michango ya hiari.