Bondia wa Zamani Dhidi ya Bondia wa Sasa: Jibu Hutegemea Uzito

Rocky Marciano alipotwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwezi Septemba 1952, kwa kumwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13, alikuwa na kilo zipatazo 84 tu. Alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Leo mwili kama huo ungepangwa katika uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, ambalo halikuwepo wakati wake na ambalo kikomo chake sasa ni kilo 90.7. Kwa mashabiki wa zamani, rekodi yake ni ushahidi kwamba mabondia wa enzi hizo walikuwa wa aina nyingine kabisa. Kwa mashabiki wa sasa, kilo zake ni ushahidi kwamba asingefika mbali. Kuhusu swali la nani angeshinda kama wangekutana, nadhani pande zote mbili zinakosea pale zinapotafuta jibu moja litakalotosha kwa madaraja yote.

Katika uzito wa juu, wanaotetea kizazi cha sasa wana hoja nzito zaidi. Tyson Fury ana urefu wa mita 2.06, na alipokutana na Oleksandr Usyk mjini Riyadh mwezi Mei 2024 alikuwa na kilo 119 hivi. Wapo wanaojibu kwamba majitu hayakuanza leo, na kwamba hata zamani yalipigwa: Jack Dempsey, akiwa na kilo 85, alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza tarehe 4 Julai 1919, ingawa Willard alimzidi kwa zaidi ya kilo 25, na mwaka 1935 Joe Louis alimmaliza Primo Carnera, aliyekaribia kilo 118. Hayo yote yalitokea, lakini hayathibitishi kinachodaiwa. Willard aliingia katika ndondi akiwa mtu mzima, na Carnera alitokea kwenye sarakasi, ambako alikuwa akionyesha nguvu zake. Lennox Lewis na Wladimir Klitschko, kinyume chake, walikulia katika ndondi za ridhaa hadi wakatwaa medali za dhahabu za Olimpiki, mmoja mwaka 1988 na mwingine mwaka 1996. Jitu linalojua kutumia mkono wa mbele kumzuia mpinzani asisogee karibu ni tatizo ambalo Dempsey hakuwahi kupewa alitatue.

Hata hivyo, ukubwa una mpaka wake. Usyk, mwenye urefu wa mita 1.91 na kilo 101 usiku ule, alimshinda Fury kwa pointi, kisha akamshinda tena mwezi Desemba. Muhammad Ali alikuwa na kimo hicho hicho, na alipopigana na George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 alikuwa na kilo 98. Kwa hiyo simwoni Ali akizidiwa kwa mwili tu katika zama hizi. Foreman mwenyewe ni shahidi adimu, kwa kuwa alipigana katika enzi mbili: miaka 20 baada ya kushindwa na Ali, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kurudisha ubingwa. Mtetezi wa mabondia wa zamani hulishika tukio hilo kwa mikono miwili, ila ni haki kuongeza kwamba Foreman alikuwa nyuma kwa pointi hadi ngumi ile ilipotua, na kwamba mwili wake ulikuwa umeongezeka hadi kufikia kilo 113 hivi.

Tukishuka kwenye madaraja ya kati na mepesi, mizani inageuka. Henry Armstrong alipigana mara 27 katika mwaka 1937 pekee na kushinda zote, 26 kati ya hizo kabla ya muda kumalizika; mwaka uliofuata alishikilia mikanda ya madaraja matatu kwa wakati mmoja, wakati ambapo ndondi nzima ilikuwa na madaraja manane tu. Terence Crawford, bondia ninayemhesabu miongoni mwa walio bora kupita wote, aliingia ndondi za kulipwa mwaka 2008, na hadi alipomshinda Canelo Álvarez mwezi Septemba 2025 alikuwa na mapambano 42. Sugar Ray Robinson alishindwa na Jake LaMotta tarehe 5 Februari 1943, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kumshinda katika marudiano. Kasi hiyo ilimfundisha bondia mambo ambayo mazoezi ya kambini hayawezi kuyafundisha: kusoma mtindo mgeni ndani ya raundi mbili, kupumzika huku akipigana, kushinda siku ambayo mwili haujakaa sawa.

Gharama yake ilikuwa kubwa, na haifai kuifunika kwa sifa. Wengi wa wapinzani hao walikuwa dhaifu, na ubongo uliopitia mapambano 150 au 200 haukupona. Ubingwa wa zamani pia haukuwa wazi kwa wote. Kabla ya Louis, bondia mweusi, kutwaa ubingwa, ubaguzi wa rangi ulimnyima Harry Wills, mweusi mwenzake, pambano na bingwa Dempsey, na Sam Langford, naye mweusi, hakupata kamwe nafasi ya kupigania mkanda wa dunia wa uzito wa juu. Baadaye, Mcuba Teófilo Stevenson alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki bila kuingia ndondi za kulipwa, na mabondia wa Umoja wa Kisovieti walifungiwa mlango huo hadi mwisho wa miaka ya 1980. Bingwa wa leo huchujwa katika dunia pana zaidi, ingawa kuwepo kwa mashirika manne yanayotoa mikanda humruhusu kumkwepa mpinzani hatari kwa miaka.

Tena, ni lazima tuulize wangekutana kwa kanuni zipi. Baada ya Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982, mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Upimaji wa uzito nao ulihamishwa kutoka siku ya pambano hadi siku iliyotangulia, hivyo bondia wa sasa hupata muda wa kurudisha kilo kadhaa na kuingia ulingoni akiwa mzito kuliko jina la daraja lake. Robinson dhidi ya Crawford kwa raundi 15, wakiwa wamepimwa asubuhi ile ile, ningempa Robinson. Kwa raundi 12 na kupimwa jana yake, sioni tofauti inayozidi pointi moja au mbili.

Kuhusu Harry Greb, bondia wa Marekani wa enzi ya Dempsey, hatuna hata filamu moja inayojulikana ya kumwonyesha akipigana, jambo linalowafanya wengi wamwache nje ya mjadala. Mimi namwingiza kwa sababu ya matokeo yake: mwaka 1922, akiwa na mwili wa uzito wa kati, alimshinda kwa pointi, baada ya raundi 15, Gene Tunney, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, na hicho ndicho kipigo pekee ambacho Tunney alikipata kabla ya kumshinda Dempsey mara mbili, mwaka 1926 na 1927.