Mna kitoweo?

Wakati wa Kwaresima simu yangu hailali. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi tafakari tatu zimeshaingia: ya jumuiya, ya kwaya, na ya shangazi yangu, ambaye humtumia kila mtu mwenye namba yake. Siku arobaini hazikosi. Kisha Pasaka inafika, tunaimba Aleluya mpaka sauti zinakauka, tunakula pilau, na ikifika wiki ya pili kundi la jumuiya limebaki na michango ya harusi tu. Kipindi cha Pasaka kina siku 50. Sisi tunakimaliza kwa nane.

Nasema "sisi" kwa sababu mwaka juzi nilipewa zamu ya kuandika tafakari hizo, nikaishia Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa ya Oktava husomwa Yohane 21:1-14. Petro anaaga kwamba anakwenda kuvua, wenzake sita wanamfuata, usiku mzima hawapati kitu. Kunapopambazuka, mtu amesimama ufukweni na anawauliza, kwa maneno ya Biblia ya Union: "Wanangu, mna kitoweo?" Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria. Swali hilo nimelisikia tangu utoto kwa akina mama waliosimama na mabeseni wakingoja mitumbwi ya waliokesha na karabai. Halina mahubiri ndani yake. Ni swali la mtu anayewaza kitakachopikwa leo, na asiyepata kitu hulijibu kwa neno moja huku akitazama pembeni.

Siku moja kabla, Alhamisi, tunasoma Luka 24, na humo pia Yesu anauliza kama kuna chakula chochote. Wanampa kipande cha samaki, anakula wakimwona. Siku mbili mfululizo Mfufuka anaulizia chakula! Sasa soma tafakari tunazotumiana siku hizo: nyavu zako ni tupu kwa sababu umemwacha Mungu; ndugu yangu, umetubu? Hiyo ni tafakari ya Kwaresima iliyovalishwa kanzu nyeupe. Nami niliandika vivyo hivyo, nikanogesha na habari ya samaki 153 walionaswa Yesu alipowaambia watupe wavu tena, kwamba Mtakatifu Augustino alionyesha kuwa ukijumlisha moja, mbili, tatu hadi kumi na saba unapata 153. (Jaribu, hesabu inakubali.) Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mvuvi aliyestaafu, alicheka. "Mwalimu, walihesabu kwa sababu walikuwa saba na lazima wagawane. Kila mtu ishirini na mmoja, wanabaki sita. Hapo ndipo ugomvi."

Tangu siku hiyo naisoma Injili hiyo taratibu zaidi, na ndipo nilipoona makaa. Wanafunzi wanashuka chomboni wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Ijumaa Kuu, katika Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane, tulikuwa tumeshaukuta moto kama huo, uani kwa kuhani mkuu, sura ya 18. Petro alikuwa akiota moto pale alipokana. Injili ya Yohane inautaja moto wa makaa mara hizo mbili tu. Anayejua harufu ya mkaa inavyoganda kwenye nguo hahitaji kuelezwa Petro alikumbuka nini asubuhi ile. Na Yesu hasemi lolote juu ya usiku wa kukanwa. Anasema, "Njoni mfungue kinywa."

Somo linakatika hapo, mstari wa 14. Mazungumzo ya baada ya kula, lile "Wanipenda?" ambalo Yesu anamwuliza Petro mara tatu, hayasomwi kesho yake wala wiki ifuatayo. Husomwa Ijumaa ya wiki ya saba, siku mbili kabla ya Pentekoste, yaani siku 42 baadaye. Mwaka C, yaani wa tatu katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili, Dominika ya tatu ya Pasaka, sehemu hizo mbili huunganishwa, lakini hata hapo padre ana ruhusa ya kuishia mstari wa 14. Masomo ya siku za kawaida za juma katika kipindi hiki hayabadiliki mwaka hadi mwaka, basi kila mwaka Petro anabaki wiki sita mbele ya makaa, ameshiba, hajaulizwa kitu.

Nilidhani ni kasoro ya mpangilio. Siku hizi sidhani hivyo. Katikati hapo kuna Nikodemo, kuna mkate wa uzima kwa siku nyingi, kuna mchungaji mwema, halafu kuanzia wiki ya nne tunaingia katika maneno ya Karamu ya Mwisho, sura ya 13 mpaka ya 17. Ndizo Injili ngumu kuziandikia. Hazina mtumbwi wala samaki. Ni "ndani yangu nami ndani yenu" kurudi na kurudi, na mwandishi wa tafakari fupi ya simu hapati pa kushika. Nadhani ndipo wengi wetu tunapoachia kalamu.

Lakini maneno hayo Petro aliyasikia mezani saa chache kabla ya jogoo kuwika. "Ninyi mmekuwa rafiki zangu" aliambiwa mtu aliyekuwa karibu kusema simjui. Ukiyasoma baada ya Pasaka unayasoma kama yeye alivyoyakumbuka, akiwa ameshalishwa na bado anangoja kuulizwa. Hata nyumbani kwetu aliyerudi na aibu hawekwi kikao kabla hajala. Tafakari zetu huanza na kikao.

Mwaka huu nimeomba zamu ya wiki ya sita na ya saba, zile ambazo hakuna anayezigombea. Shangazi ameshanionya nisiandike ndefu.