Faktire, Tableti na Mbuzi wa Tano

Mdogo wangu alipopata mchumba Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wakwe walitukabidhi faktire ya mahari, yaani orodha ya vitu wanavyodai. Ukurasa mmoja tu, lakini ulibeba mahitaji ya ukoo mzima, kwa mwandiko wa mtu anayeuziwa karatasi kwa sentimita: suti ya papa (baba), vikwembe (vitenge) vya mama, taa ya petroli, baiskeli ya nkambo (babu), mfuko wa chumvi, mbuzi 6. Mimi ndiye mwenye tableti, kwa hiyo nikafanywa katibu. Nikaipiga picha faktire, nikaiingiza kwenye programu yangu ya kuandikia, nikashika kalamu.

Sasa programu ile ina tabia yake. Ukitaka kusoma mstari, unautanua kwa vidole viwili, na ukurasa uliobaki unatoka nje ya kioo. Tulipokaa Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, kujiandaa, wazee walinizunguka. "Onyesha vikwembe." Natanua. "Rudisha! Mbuzi wamekwenda wapi?" Narudisha. "Mbona sasa sioni kitu?" Mama mkubwa akataka kuona suti na jumla kwa pamoja, na suti iko juu kabisa, jumla chini kabisa. Nikamwambia haiwezekani. Akauliza basi tableti ina faida gani.

Ndipo nikawaza: kwa nini kusiwe na alama ya kukuza? Nazungushia duara kwenye "mbuzi 6", mbuzi wanatokea wakubwa pembeni, duara linabaki pale pale, na ukurasa wote unaonekana. Si muujiza. Kwenye kompyuta za Mac, programu ya Preview inayo: unaweka lenzi juu ya picha, kitone cha buluu kinapanua lenzi yenyewe, cha kijani kinaongeza ukuzaji. Yangu haina.

Halafu kuna habari ya wino. Ukiandika huku umetanua, kisha ukarudisha, maandishi yananywea hadi hayasomeki. Hilo mimi nililiona faida. Kati ya baiskeli na mbuzi nikaandika siri ya kikao: "Tuanze na 2. Wakikaza, mwisho 5." Ukitazama ukurasa mzima, ungedhani ni uchafu wa kioo.

Siku yenyewe, Katuba, umeme ukakatika salamu zilipoisha tu. Karatasi yao haikusomeka tena. Kilichowaka sebuleni ni tableti yangu. Mjomba, msemaji wetu, akasimama na hotuba nzuri sana: maisha magumu, mbuzi wamepanda bei, hata hawa 2 tumewapata kwa maombi. Wakwe wakaguna. Upande wao alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa mgodini, ambaye kazi yake miaka yote ilikuwa kusoma ramani za machimbo. Akasema kwa upole, "Mwanangu katibu, lete hicho kioo nihakikishe kama kweli tuliandika 6."

Mkwe akinyoosha mikono miwili, unakataaje? Akavaa miwani. Akaweka vidole juu ya mbuzi, akatanua. Akatanua tena. Akasogeza juu kidogo, taratibu, kama anayefuata mshipa wa shaba. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Tuanze na mbili. Wakikaza, mwisho tano."

Mjomba alikuwa bado amesimama, mkono hewani, katikati ya bei ya mbuzi.

Mzee akavua miwani, akanong'onezana na wenzake, akatugeukia. "Wageni wetu, tumeshauriana. Tunakaza."

Walianza kucheka mama zao, halafu bwana harusi, ambaye kwa kweli hakupaswa. Tukatoa 5. Mjomba akaamua mbuzi wa tano atoke mfukoni mwa katibu.

Usiku ule ule nikawaandikia watengenezaji wa programu. Nikaomba lenzi ya kubandika: duara ninalolichora mimi, nachagua ukubwa, picha ikisogezwa nalo linafuata. Na zaidi ya yote, namna ya kumwonyesha mgeni kile nilichokikuza mimi tu, vidole vyake visitanue chochote. Sababu nikaieleza kwa kirefu. Nadhani mbuzi waliwachanganya, maana walijibu kwamba watalifikiria ombi langu la picha za wanyama.

Aliyenielewa ni yule mzee wa ramani. Alinipigia simu, nikajua anadai kitu. Kumbe ana mpwa mwingine anayeolewa Agosti, akataka jina la programu ile, aipendekeze kwa upande wa mume.