Mkusanyiko wa hadithi za utekaji: punguzeni mabuti na magunia

Tangazo likitolewa leo hapa Mombasa kwamba zinatafutwa hadithi fupi za kutisha kuhusu utekaji nyara, nyingi zitakazotumwa zitafanana kama mapacha: gari jeusi, kitambaa usoni, buti la gari, kisha mtu anazinduka ndani ya chumba cha giza, kamba zikimkata mikono. Moja peke yake huenda ikasomeka. Zikiwekwa 12 katika kitabu kimoja, kufikia ya nne msomaji anapiga miayo. Lawama hapo ni ya mhariri, kwa sababu kila mwandishi aliandika yake bila kuziona za wenzake.

Maoni yangu ni kwamba kinachotisha katika utekaji ni kungoja. Aliyetekwa anateseka, sikatai, lakini wasomaji wengi hawajawahi kufungwa kamba. Wamewahi kumpigia mtu wao usiku, simu ikawa mteja. Hapo ndipo pa kuwashika. Tazama aya hii, ya aina inayotumwa kila mara:

"Giza totoro lilimgubika Zuhura. Damu ilimchuruzika. Moyo ulimdunda kama ngoma."

Haina mahali, haina saa, na moyo huo umeshadunda katika kila hadithi iliyoko mezani. Sasa hii:

"Saa mbili na nusu mamake aliinua kawa, akautazama wali, akafunika tena. Saa tatu alimkanya mdogo mtu asikiguse kipande cha samaki kilichobaki, hicho ni cha dadako. Saa nne akamwambia ale."

Hakuna hata tone la damu. Lakini mama ameshakata tamaa kabla ya kujikubalia, na msomaji amelijua hilo kabla ya mtoto. Mhariri akipata aya moja kama hiyo ndani ya hadithi mbovu, amrudishie mwandishi na kumwambia aanze upya kutoka hapo.

Jambo la pili ni ramani. Mombasa ni kisiwa, na waandishi wa mumu humu hulisahau hilo. Gari likitoka kisiwani linapita daraja la Nyali, au Makupa, au linapanda feri Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakupeleka pwani ya kusini bila feri, lakini kwanza unazunguka upande wa Miritini. Kwa hivyo anayemtoa mtekwa Mji wa Kale jioni na kumfikisha Ukunda, huko pwani ya kusini, "baada ya dakika ishirini" ameandika uongo ambao abiria yeyote wa matatu ataucheka, na anayecheka haogopi tena.

Ajabu ni kwamba ukweli una hofu kubwa kuliko uongo huo. Kwenye feri, magari na watembea kwa miguu wako sitaha moja. Gari limezimwa, vioo vyeusi vimefungwa, na pande zote umati umebanana: mwenye mkokoteni wa machungwa, wanafunzi, mama aliyeegemeza kikapu chake kwenye mlango uleule ambao nyuma yake kuna mtu aliyezibwa mdomo. Dakika kama kumi za kuvuka, mchana kweupe. Yule mama akiuona mkono kiooni, atasema? Hadithi nzima iko hapo, na buti halijafunguliwa.

Kibokoni na Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, ni kinyume chake. Vichochoro vingi havipitishi gari, kwa hiyo mtekaji anatembea, na mabaraza yana watu mpaka usiku. Mtu hapotei pale bila kuonekana. Basi andika kuhusu walioona wakanyamaza. Na mzee wa Kuze asizungumze kama msoma taarifa ya habari; nusu ya mazungumzo ninayoyasoma yangefaa kusomwa redioni.

Pesa ndizo zinazoangusha hadithi nyingi. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na kwa siku moja hauvuki 500,000. Mtekaji anayedai kikombozi cha milioni tano "kitumwe sasa hivi" hajui nchi anayoishi. Kwa laini moja, milioni tano ni siku kumi za kutuma. Mwandishi makini hapo anapaswa kushangilia: siku kumi za kumtumia pesa mtu usiyemjua, na kila ukituma ujumbe unarudi na jina la aliyepokea. Je, jina likiwa la jirani? Likiwa la marehemu?

Kuna pia ile sentensi ya polisi, "rudini baada ya saa 24". Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mtu angoje saa 24 ndipo aripoti kuwa mtu wake hayuko. Unaripoti mara moja, kisa kinaandikwa, unapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mhusika akiambiwa arudi kesho, mwandishi aonyeshe kwamba huyo afisa amekataa kazi, asiandike kana kwamba ndio utaratibu. Saa 24 zilizoko sheriani ni za kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda umeishia nje ya saa za kazi.

Hapa ndipo kitabu cha aina hii kinapogusa kidonda kibichi. Mwishoni mwa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imeorodhesha visa 82 vya utekaji tangu Juni mwaka huo, na watu 29 walikuwa hawajulikani walipo. Na Pwani ilikuwa na majina yake ya waliopotea miaka mingi kabla ya hapo. Siungi mkono wanaosema mada hii iachwe kwa sababu hiyo. Ninachokataa ni kuazima kisa cha mtu halisi na kubadilisha jina tu. Badilisha kazi, mtaa, umri, na namna alivyochukuliwa. Kipimo changu ni kimoja: mzazi anayengoja akisoma akamtambua mwanawe, hadithi inarudishwa hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote.

Kuhusu mazimwi, najua wengi wataniudhikia. Chunusi anayevuta waogeleaji, jini mwenye kwato, mumiani wanaoteka watu kwa ajili ya damu: hiyo ni mali yetu, na imani ya mumiani ni ya zamani kiasi kwamba imo katika kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882. Hata hivyo, katika hadithi 12 nisingepokea zaidi ya mbili za namna hiyo. Jini akishamchukua mtoto, binadamu wote wanaepuka lawama. Mumiani ananoga pale tu mtaa unapomshuku mtu asiye na hatia na kumwendea na mawe, maana hapo waliobeba mawe ndio wanaotisha. Ningependa zaidi hadithi moja ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa 1875, ambayo kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa baharini, akateremshwa ufuoni asikojua kijiji chake kiko upande gani. Sijui kwa nini waandishi wetu wanapita pale kila siku bila kugeuza shingo.

Kupanga hadithi ni nusu ya kazi. Chora jedwali: nani katekwa, nani anasimulia, wapi, muda gani, mwisho upi. Wote wakifa, msomaji anazoea kufikia ya tatu. Wote wakiokolewa, hali ni hiyohiyo. Kwa hadithi 12 mimi ningelenga wanne warudi, watatu wasirudi, watatu wasijulikane walipo, na mbili zigundulike kwamba hakuna aliyetekwa, mtu alikimbia nyumbani kwa sababu zake. Zile tatu zisizo na jibu zisifuatane. Ya kufungulia iwe fupi, maneno 2,500 hivi, na ndefu kuliko zote ikae ya nane au ya tisa, msomaji akishakuamini. Nyingi zinahitaji kukatwa ukurasa wa kwanza, ambao huwa ni ndoto au mvua.

Uchapishaji una hesabu yake. Hadithi 12 za maneno 2,500 hadi 4,000 hukupa maneno kama 38,000. Kwa ukubwa wa A5 ni kurasa 140 na ushee, na ukiongeza kurasa za mwanzo unakaribia 160, yaani mafungu kumi ya kurasa 16, maana kitabu huchapwa kwa mafungu. Ukifika 163, mchapishaji anaweza kukusogeza hadi 176 na utalipia karatasi tupu, kwa hiyo kata aya kadhaa. Upana wa mgongo wa kitabu upimwe kwa karatasi itakayotumika, usikadirie. Gramu 70 na gramu 80 hazilingani unene, na jina la kitabu likihamia kwenye jalada la mbele halirudi. ISBN, nambari ya kukitambulisha kitabu, huombwa kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Mkataba na waandishi useme wazi kwamba unachukua haki ya kuchapisha katika mkusanyiko huu tu, vinginevyo mwandishi akitaka kuitoa hadithi yake kwingine mtagombana.

Na jalada, tafadhali, lisiwe tena na mkono wa mwanamume uliofunika mdomo wa msichana. Weka kawa.