Msuli wa Tabasamu Uko Wapi?

Baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina adabu. Niliamka upande wa kushoto wa uso umelala: jicho halifumbi, chai inamwagikia kwenye kola. Mtaani Mwanjelwa wakakata shauri kwamba nimezabwa kofi na jini. Daktari akasema ni neva ya saba, ile ya usoni, imevimba. Akanipa vidonge, halafu akanielekeza chumba cha mazoezi.

Huko nikakabidhiwa kwa binti aliyekuja fildi, mpole, kalamu mkononi.

"Baba, tabasamu niutafute msuli."

Upande mmoja ukaitika, wa pili ukanuna kama mwenye nyumba anayedai kodi. Basi akapimia upande mzima: mstari toka pembe ya mdomo hadi mbele ya sikio, nukta katikati, kisha akaihamishia kushoto. Hapo ndipo ulipo msuli unaovuta mdomo juu; akabandika kibandiko cha umeme cha kuushtua. Akanisimulia habari za Mfaransa Duchenne, aliyewatia watu umeme usoni na kuandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli lazima jicho nalo lishiriki. Kwa hiyo akabandika cha pili chini ya jicho.

Hesabu safi. Ila asubuhi ile mke wangu alikuwa amenipaka mafuta ya mgando, unene wa chapati, kwa ajili ya upepo. Spiriti ilipita juu juu tu. Kibandiko cha shavuni kikaanza safari ya kuelekea taya.

Akawasha. Meno yakagongana, ko! Kumbe kimekamata msuli wa kutafunia, ambao wala hauumwi; wenyewe una neva yake nyingine. Cha jicho kilikaa penyewe kabisa: mkondo ukija linafumba, ukikatika linafumbuka.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Katoka Tukuyu na ndizi, kaja kunijulia hali. Na heshima ya mkwe kwetu mnaijua.

Nikataka kumwamkia. Taya limebana. "Shhhi..."

Jicho likamkonyeza.

Akainamisha kichwa. Alipokiinua, likamkonyeza tena. Binti kanipa mgongo, anatafuta pamba kabatini.

Mama akavuta kitenge usoni, akaziweka ndizi chini, akatoka kinyumenyume.

Jioni mke wangu akaingia, kajishika kiuno.

"Mama anasema umeshapona. Ila leo analala kwa dada."