Chekechea: Darasa Jipya, Mwalimu Yule Yule

Rais Mwai Kibaki wa Kenya alipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, chekechea iliachwa nje. Wazazi wengi wasio na kitu wakapiga hesabu ya haraka: kwa nini nilipie nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Mtoto akabaki nyumbani mpaka umri utimie. Hakuna aliyemlazimisha mzazi wala kumzuia. Ilikuwa hiari, ila mwenye fedha na asiye nazo hawakuwa wakichagua kitu kimoja.

Katiba ya 2010 ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, na tangu 2013 madarasa yamejengwa si haba. Swali ni kama fedha hizo za umma zinakwenda mahali pake.

Wanaotilia shaka si watu wa kupuuzwa. Kaunti hiyo hiyo ndiyo inayopaswa kuweka dawa zahanati, na dawa huisha. Tena wanauliza mtoto wa miaka minne anatafuta nini kwenye dawati wakati nyanya yake yuko nyumbani na uwanja wa kuchezea upo. Jimbo la Tennessee, Marekani, limewapa silaha. Huko watoto wa familia maskini waliogawiwa nafasi za chekechea ya umma kwa bahati nasibu walifuatiliwa, na walipofika darasa la sita walikuwa nyuma ya wale waliozikosa. Matokeo hayo yalitoka 2022. Nami nikikumbuka nasari zetu, watoto wakikariri herufi asubuhi kutwa na kubebeshwa kazi za kufanyia nyumbani, sishangai sana.

Upande wa pili huja na mfano wa Perry, chekechea ya mjini Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1962 hadi 1967. Utafiti wake ulihusu watoto 123 Weusi wa familia maskini. Waliopata masomo hayo, walipofika miaka 40, walikuwa na kipato kizuri zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Mfano huu hupendwa na kila anayetaka kujenga. Kisichotajwa ni kwamba mwalimu alikuwa na watoto sita hivi, alikuwa amesomea kazi yake, na kila wiki alikwenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama yake.

Hiyo ziara ndiyo inayonivutia. Jijini Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya walitembelea watoto waliodumaa saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Hawakujenga chochote. Walimfundisha mama kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao wasiotembelewa kwa takriban asilimia 25.

Kenya tayari ina watu wa kubisha hodi: wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa rasmi 2023. Utaniambia wamelemewa na posho yao haitoshi, na ni kweli. Kuna pia mama asiyetaka mgeni wa serikali amfundishe kulea, na ana haki ya kukataa. Lakini mwingine hata hapatikani nyumbani. Anatoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu, mtoto anabaki kwa jirani kwa malipo ya kila siku. Huyo ziara haimfai. Anataka mahali salama, penye uji. Kwa hiyo darasa lina kazi yake, na mpango wa Nairobi wa Dishi na County, ambao mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo wa shuleni, unamgusa mama huyu kuliko ukuta mpya.

Ningekuwa mwenye kugawa, ningeanza na mshahara wa mwalimu, halafu uji, halafu ziara. Jengo lingesubiri, isipokuwa pale watoto wanaposomea chini ya mti. Siasa inataka kinyume, kwa sababu mshahara haukatiwi utepe. Na si viongozi peke yao. Kwenye vikao vya kutoa maoni ya bajeti ya kaunti nilivyohudhuria, wazazi huuliza darasa litajengwa lini. Bado sijamsikia hata mmoja akiuliza mwalimu wa chekechea analipwa kiasi gani.